Jua la Saa Saba

Siku daktari alipomwambia Paskalia kwamba hakuna binadamu aliyemfanyia ubaya, Paskalia alitamani kumzaba kofi. Angemzaba kweli, kama mkono wa kulia usingekuwa unatetemeka, na kama mumewe Mayala asingekuwa ameketi katikati yao na kofia yake magotini.

"Rudia, daktari," alisema. "Rudia, mume wangu asikie vizuri."

Daktari Zuhra alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, asiye na haraka, ingawa foleni ya hospitali ile ya rufaa ilifika mpaka nje ya mlango. Aliinua picha za MRI akazielekeza kwenye mwanga wa dirisha. "Mama, huu ni uti wako wa mgongo. Haya madoa meupe ni makovu. Kinga ya mwili wako, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imegeuka inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Ugonjwa unaitwa MS. Wapo watu unaowashika ukawaachia, ukawashika tena ukawaachia. Wako ni ule unaokwenda polepole bila kupumzika. Hautokani na dawa ya mtu, wala na zebaki ya machimboni. Hakuna aliyekutoa kafara."

Neno hilo la mwisho daktari hakulitunga. Paskalia mwenyewe alikuwa amelitaja mara tatu tangu aingie.

"Na miguu kugoma mchana?" aliuliza Mayala taratibu. "Asubuhi anatembea, daktari. Ikifika saa saba, jua likiwaka, anaanguka."

"Joto. Mishipa yenye makovu haivumilii joto. Mwili ukipata moto kidogo tu, amri ya kichwani haifiki miguuni. Ukipoa, inafika tena. Nina wagonjwa wanaoangushwa na maji ya moto ya kuoga."

Mayala aliangalia kofia yake. Paskalia aliangalia ukuta. Wote wawili walikuwa wakiliona geti moja la bati la bluu kule kijijini kwao Segese, lakini hakuna aliyelitaja.

Daktari aliweka picha mezani. "Sasa matibabu. Nisikudanganye, dawa ya kuumaliza ugonjwa huu haipo, si hapa, si Ulaya. Zilizopo ni za kuupunguza mwendo. Moja imethibitishwa hasa kwa aina yako, ila kuipata hapa nchini ni kazi, sitaki kukupa tumaini lisilokuwepo. Nyingine inafanana nayo, tunawapa wagonjwa wa saratani na wa viungo. Inaingizwa kwa dripu: mara mbili za mwanzo zinapishana wiki mbili, halafu kila baada ya miezi sita. Haimsaidii kila mtu. Lakini una miaka thelathini na tisa, na picha zinaonyesha humo ndani moto bado unawaka, ndiyo maana nasema tujaribu."

"Zile sindano nilizochomwa nyumbani?"

"Zile hazisaidii sana aina hii. Nitakupa vidonge vya kulegeza misuli inayokakamaa. Halafu kuna mazoezi, na usiyadharau. Kila asubuhi kabla ya joto, mtu akukunje na kukukunjua miguu, kila mguu mara kumi, kisha urudie. Na jambo lingine. Dawa hii inashusha kinga. Ukipata homa, usisubiri kesho, ufikishwe hospitali siku hiyohiyo. Nyumbani nani ana gari? Nani mwanamke mwenye nguvu, wa kukubeba na kukuhudumia mpaka bafuni?"

"Yupo mdogo wake," alisema Mayala.

"Hayupo," alisema Paskalia.

*

Kwa miaka miwili na miezi mitatu, Segese nzima ilikuwa haimsalimii Violeth.

Violeth ni mdogo wake Paskalia, wa tumbo moja, na ndiye mwenye karasha ya kusaga mawe ya dhahabu nyuma ya soko. Ana hisa pia katika duara moja, shimo refu ambalo wachimbaji walilihangaikia miezi minane bila kuona kitu. Siku duara hilo lilipotema dhahabu, wiki ileile, mguu wa kulia wa Paskalia ulianza kuburuta. Watu wa machimbo hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Dhahabu haitoki bure, mwenye duara ametoa kitu, na kilichotolewa kilionekana sokoni kinachechemea na kapu la nyanya. Violeth alipokuja na gari lake akasema, "Dada, twende Mwanza ukapimwe," Paskalia alimtemea mate miguuni.

Kesi ikapelekwa kwenye baraza la sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Mtemi wao, Maduhu, alitaka ushahidi, na Paskalia akautoa kwa miguu yake mwenyewe. Saa saba mchana, mbele ya kijiji, alitembea kutoka uwanja wa shule kuelekea geti la bluu. Alitembea vizuri, watu wakimfuata nyuma kimya, mpaka zilipobaki hatua ishirini hivi. Hapo magoti yakalegea, akaanguka kifudifudi mbele ya geti la mdogo wake. Wakambeba hadi kwake, wakamlaza kivulini, wakampepea na kummwagia maji. Haikupita saa nzima akasimama. Ushahidi gani tena? Hukumu ilikuwa kutengwa: Violeth asisalimiwe, asiuziwe kitu, asipewe hata kaa la moto, asizike wala asizikwe.

Paskalia alihakikisha amri hiyo haichezewi. Kila asubuhi aliketi barabarani kwenye kiti cha plastiki kuona nani atathubutu. Zipora muuza dagaa alipomwonea Violeth huruma akamuuzia fungu moja, ni Paskalia aliyempeleka mbele ya baraza, na Zipora akatozwa mbuzi. Mwaka wa pili mama yao alifariki. Violeth alikuja na kanga nyeusi kichwani, akakuta dada yake ameketi kando ya kaburi. Paskalia alinyoosha fimbo akamwonyesha ukingo wa barabara, mahali pa kuishia. Violeth alisimama pale mpaka udongo wa mwisho. Hakulia, wala hakuondoka. Paskalia alimwangalia kwa furaha, na tusimpambe mwanamke huyu, ilikuwa furaha hasa. Siku hiyo alikula akashiba.

Sasa ametoka Mwanza na bahasha ya picha chini ya kwapa, na mumewe anamwuliza kitu ambacho hataki kuulizwa.

"Tutamwambia lini, Mama Edson?"

"Tumwambie nani?"

"Unamjua."

"Yule daktari mtoto wa juzi. Kafara ataisoma kwenye kitabu gani?"

"Nilikuwepo, Paskalia." Mayala hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Nilisikia kwa masikio yangu. Mimi ndiye niliyesimama na rungu kwenye geti lile kuwafukuza wateja wake. Mimi, shemeji yake. Alikuwa ananiletea soda."

"Basi usisikie tena. Nimeshindwa miguu, nimeshindwa mkojo, hata sindano ya kushonea siishiki. Kitu kimoja kimebaki changu. Namjua aliyenifanya hivi. Ukininyang'anya hicho, mimi nitabaki na nini?"

"Miguu," alisema Mayala. "Labda."

*

Wiki mbili Paskalia alihangaika kutafuta mtu wa kumchukia badala ya Violeth, asimpate. Alijaribu kumchukia daktari, ikashindikana, maana daktari alikuwa amemshika mkono wakati wa kuaga. Alijaribu kumchukia Mungu, akaogopa. Akaamua kumthibitishia kila mtu kwamba daktari ni mwongo, na kwa kuwa hakutaka kuaibika, alianza kimyakimya nyuma ya nyumba.

Alisubiri mchana, jua limesimama utosini, akajiburuta mpaka kwenye uzio wa minyaa na kujaribu kusimama. Miguu ikakataa. Akavuta ndoo ya maji ya kisima aliyoiandaa, akajimwagia kichwani na kifuani, akakaa kivulini na kitenge kilicholowa shingoni. Baada ya muda akashika uzio, akasimama. Akajiambia ni bahati. Siku ya pili akarudia, akasimama tena. Siku ya tatu alitamani kwa moyo wake wote miguu igome hata baada ya maji, ili uchawi ubaki uchawi. Miguu haikumsikiliza. Ndoo ile haikumjua Violeth, wala haikujua duara, na ilimsimamisha vilevile.

Mayala alimkuta pale amelowa chapachapa, analia kwa hasira mpaka makamasi yanamtoka.

"Nataka ile dripu," alisema Paskalia.

"Na mdogo wako?"

"Sijasema nataka msamaha wake. Nataka gari lake na mikono yake. Nitasema kilichotokea, kwa kuwa nisiposema hatakuja. Niache hivyohivyo, usinitafutie moyo mwingine."

Mayala hakumtafutia moyo mwingine. Alimfuta makamasi, akaenda kumwita Maduhu.

*

Maduhu alikuja na filimbi yake shingoni. Alikuwa mtu mnene, mpole kwa maneno na mzito wa kubadilika.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama mwenye nyumba kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mtemi. Kaa."

Alikaa, akasikiliza yote, akaziangalia picha za MRI kichwa chini miguu juu, akazirudisha. "Yaani unataka niwaite watu, niwaambie baraza lilimhukumu mtu kwa kosa la jua?"

"Ndiyo."

"Jua linatuwakia wote. Mimi mbona sianguki?"

"Wewe huna makovu kwenye uti wa mgongo."

"Mayu, fikiria. Watu wamemnyima yule mwanamke salamu miaka miwili na zaidi. Wapo waliomvunjia bomba la maji. Leo ukiwaambia mlikosea, watauliza nani aliwakosesha."

"Watauliza, na mimi nitawajibu. Ushahidi niliutoa kwa miguu, nitautoa tena kwa miguu. Mlinitembeza saa saba mchana. Nitembezeni saa kumi na mbili asubuhi."

Ilibidi akubali, kwa sababu Mayala alikuwa amekwisha kuanza kuwaambia watu kilabuni.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla jua halijachomoza sawasawa, nusu ya Segese ilikuwa imejipanga barabarani na mablanketi mabegani. Safari hii Paskalia hakuweza kuanzia shuleni, ugonjwa ulikuwa umemla sana tangu siku ile. Walimshusha kutoka kwenye bajaji mbele ya ghala la pamba, hatua kama hamsini kutoka geti la bluu. Wanawake wawili walimmwagia ndoo mbili za maji ya baridi mbele za watu, nguo zikamganda mwilini, matiti na makalio yakaonekana wazi, na vijana fulani wakacheka. Paskalia alisikia. Alishika mikongojo yake miwili akaanza kwenda.

Alichukua muda mrefu. Mguu wa kulia aliuvuta, wa kushoto ukamfuata. Alipofika mahali alipoanguka siku ile, kwenye jiwe la kona, vile vicheko vikakatika. Akapapita. Akaongeza hatua nyingine, na nyingine, meno yakigongana kwa baridi, mpaka akafika kwenye geti la mdogo wake, akaligonga kwa mkongojo. Bati likalia.

Violeth alifungua. Alikuwa amevaa ovaroli ya karasha, vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Alimwangalia dada yake aliyelowa, akawaangalia watu, akakunja mikono kifuani, akasimama palepale.

"Labda Violeth ameitegua dawa," alisema Maduhu, na watu wengi wakaguna kukubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kwao kukubali hilo.

Paskalia aligeuza shingo. "Nileteeni kiti."

"Cha nini?"

"Nikae hapa mpaka saa saba."

Akakaa. Watu wenye shughuli zao waliondoka wakarudi, wengine walituma chai. Jua likapanda, nguo zikakauka, jasho likaanza. Mayala alitaka kumfunika kwa mwavuli, akamkatalia. Violeth hakuondoka getini, alibadilisha mguu wa kuegemea tu. Saa saba ilipofika Paskalia aliinuliwa, akageuzwa, akasimamishwa kwa mikongojo yake.

"Angalieni vizuri," alisema kwa sauti kubwa kadiri alivyoweza. "Mdogo wangu nimempa mgongo. Naelekea kwangu. Kama dawa iko kwake, kila hatua naikimbia."

Alikwenda hatua sita. Ya saba ilimwangusha, uso ukielekea nyumbani kwake mwenyewe, mchanga ukamjaa mdomoni. Hakuna aliyesogea. Katika kimya hicho sauti moja tu ilisikika, ya Zipora muuza dagaa.

"Na mbuzi wangu?"

Ndipo Violeth alipoondoka getini. Aliingia ndani, akatoka na ndoo, akamwagia dada yake maji yote kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole, hakubakiza kitu. Akaigeuza ndoo, akaikung'uta, akarudi kwenye karasha yake.

*

Jioni hiyohiyo baraza lilikaa kwenye uwanja wa shule. Maduhu alitangaza kwamba amri imeondolewa, akatumia maneno mengi kueleza jinsi ambavyo hakuna aliyekosea. Watu walianza kumwamkia Violeth kabla hata hajaketi. Mwadila, mayu. Shikamoo, mama. Aliitikia wote, mmoja mmoja, kwa adabu, mpaka wale waliomvunjia bomba. Paskalia aliketi mbele kwenye kiti chake cha plastiki, akingoja zamu yake. Yeye ndiye mkubwa, alingoja kuamkiwa.

"Violeth," alisema Maduhu, "dada yako amekiri. Kimila una haki ya kudai. Sema idadi ya ng'ombe, tuzungumze."

Mayala aliinamisha kichwa. Walikuwa na ng'ombe tisa.

Violeth alisimama. "Sitaki ng'ombe."

Watu wakanong'ona kwa kumsifu. Paskalia alishusha pumzi.

"Nasikia anahitaji mtu wa kumnyoosha miguu kila asubuhi," aliendelea Violeth, akimtazama Maduhu peke yake. "Anahitaji gari la kumpeleka Mwanza, na mwanamke wa kumwogesha. Nitafanya. Dripu zote nitampeleka. Akipata homa nitamkimbiza hata kama karasha inasaga. Asitafutiwe mtu mwingine, ni mimi tu. Hilo ndilo ninalodai."

"Wabeja, mwanangu!" alishukuru mzee mmoja. "Huo ndio undugu."

"Sijamaliza. Nilikaa miaka miwili na miezi mitatu bila kusemeshwa. Mama yetu alizikwa mimi nikiwa barabarani, na aliyenionyesha pa kusimama ni yeye, kwa fimbo. Nami nitamuuguza miaka miwili na miezi mitatu, siku kwa siku, bila kumsemesha. Sitamwamkia, sitamwitikia. Siku ikitimia, nitamsalimia. Baraza liandike."

Kuna mtu alicheka, akidhani ni utani. Maduhu aliwatazama wajumbe wenzake, wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka fidia ya namna hiyo, lakini hakuna pia aliyeona sababu ya kuikataa. Haikuwagharimu hata kuku. Katibu akaandika.

"Umesikia?" Mayala alimnong'oneza mkewe, macho yamemjaa machozi. "Amekubali! Utatibiwa!"

"Nimesikia," alisema Paskalia. Alikuwa na furaha. Alimjua Violeth tangu akiwa mgongoni kwa mama yao, mtoto asiyeweza kunyamaza hata kanisani. Wiki moja, alifikiri. Wiki mbili akijitahidi sana.

*

Kila asubuhi saa kumi na mbili, gari la Violeth lilisimama mlangoni. Aliingia, akamsalimia Mayala, akamwuliza hali ya ng'ombe na ya mtoto wao Edson huko chuoni. Kisha aliingia chumbani, akafunga mdomo. Alishika mguu wa kulia kisigino na goti, akaukunja mpaka tumboni, akaunyoosha. Mikono yake ilikuwa migumu kwa kazi ya mawe, lakini hakumfinya hata siku moja, hakumvuta kwa hasira, hakumwacha na mkojo hata dakika tano. Paskalia angemshukuru Mungu kama angemfinya. Mtu anayekufinya unaweza kumgombeza.

Mwanzo alimchokoza. "Unanigeuza kama gunia la pamba, wewe." Kimya. "Hiyo ovaroli inanuka." Kimya. Wiki ya tano akaanza kukumbusha habari za utotoni, za kule misheni Ushirombo, siku Violeth alipokula mkate wa altare na kumsingizia paka wa masista. Aliisimulia hadithi ile vizuri, hata yeye mwenyewe akacheka. Violeth alimpaka mafuta miguuni, akamvalisha, akatoka. Dakika moja baadaye Paskalia alimsikia sebuleni akimwambia Mayala jambo, wote wawili wakaangua kicheko. Alikaza masikio apate hata neno moja, akaambulia mlio wa vikombe.

Siku hiyo Paskalia alielewa alichokuwa amemfanyia mdogo wake. Wala hakuelewa kwa hekima. Alielewa kama mtu aliyekanyaga kaa, kwa kuungua.

Kwenye dripu ya kwanza muuguzi alishika karatasi akauliza, "Na wewe, dada, ni nani wake?"

"Mdogo wake," alijibu Violeth. "Tumbo moja."

Ilikuwa sauti yake, karibu kabisa, juu ya kichwa cha Paskalia. Aliinywa sauti ile. Muuguzi alipopita tena, Paskalia alimwita karibu. "Muulize amekula. Muulize kama mgongo wake haumwumi kwa kunibeba." Muuguzi akauliza. Violeth alimjibu kwamba amekula, mgongo hauna shida. Mara ya tatu Violeth aligundua. Alivuta kiti chake akakipeleka mpaka mwisho wa wodi, akakaa huko, macho yasitoke kwenye chupa ya dawa.

Mwezi wa nne tangu dripu hiyo, homa ilimpanda saa sita mchana. Mayala alipiga simu, na kabla hajaimaliza gari lilikuwa limefika. Violeth alimlaza kiti cha nyuma na taulo la maji ya barafu kichwani, akaendesha akimtukana kila mwenye pikipiki aliyejitia kati. Aliyatukana malori ya mgodi, akaitukana barabara, akakitukana kizuizi cha barabarani. Paskalia, akitetemeka kwa homa, alisikiliza matusi yote akayapenda. Hakuna hata moja lililokuwa lake.

Miezi sita ilipotimia tangu dripu ya kwanza, daktari Zuhra alimsimamisha, akamtembeza, akampima nguvu, akaangalia picha mpya. Alitabasamu. "Miguu iko palepale ilipokuwa. Kwa ugonjwa huu, mama, kubaki palepale ni ushindi. Anayekufanyisha mazoezi anastahili zawadi."

"Ni huyu," alisema Paskalia.

Violeth alimpa daktari mkono.

"Kuna kitu kimoja," daktari aliendelea, akikaa. "Sema tena jina la kijiji chako."

"Segese."

"Tena, polepole."

"Se... gese."

"Ulimi unaanza kuwa mzito. Dawa imeishika miguu, huko juu sina hakika. Huenda ukakaa hivyohivyo miaka. Huenda baada ya mwaka mmoja, miwili, maneno yakaanza kukutoka kwa shida. Nitakupa mtu wa kukufundisha mazoezi ya ulimi. Nakwambia mapema ili kama kuna watu una jambo la kuwaambia, usiliweke."

Paskalia alimtazama Violeth. Violeth alikuwa akitazama kalenda iliyoning'inia ukutani nyuma ya daktari. Katika ile miaka miwili na miezi mitatu, miezi ishirini ilikuwa imebaki.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyetukana pikipiki yoyote.

*

Kesho yake saa kumi na mbili gari lilisimama mlangoni kama kawaida. Paskalia alimsikia mdogo wake akimsalimia Mayala, akiuliza habari za ng'ombe, kwa sauti ya chini kuliko siku nyingine. Akaingia chumbani. Akanawa mikono kwenye beseni, akaifuta, akashika kisigino na goti.

Paskalia alikuwa amekesha akipanga maneno. Alikuwa na habari ya kaburi, ya fimbo, ya mate aliyotema. Alipouona ule uso umeinama juu ya goti lake, na mvi mbili ambazo hazikuwepo kabla ya yale yote, maneno aliyoyapanga yakamwonekea mengi mno kwa ulimi alionao. Akachagua moja, ambalo tangu Violeth azaliwe hajawahi kumpa, kwa sababu mkubwa hamwamkii mdogo.

"Shikamoo," alisema.

Mikono ya Violeth ikasimama, mguu ukiwa umekunjwa nusu. Nje Mayala alikuwa anawafungulia ng'ombe, kengele zikilia. Violeth aliinua uso. Midomo ikafunguka. Paskalia aliona neno limefika pale kwenye meno, akalisubiri.

Violeth akafunga mdomo. Akaunyoosha mguu wa kulia mpaka mwisho, akaulaza kitandani taratibu, akazunguka upande wa pili na kushika wa kushoto. Machozi yalimdondoka kwenye goti la dada yake, akayafuta kwa kiganja, akaendelea kukunja.

Mazoezi yalihitaji mtu wa kuhesabu, na chumbani palikuwa na mmoja tu aliyeruhusiwa kusema.

"Moja," alisema Paskalia. "Mbili."